Wangoni: Waliofika Sio Walioondoka

Ramani za historia zinazochorwa ubaoni huonyesha uhamaji kwa mishale mirefu, kana kwamba kabila zima lilifungasha virago, likatembea, likafika lilivyo. Safari ya Wangoni haiingii katika mshale wa namna hiyo.

Ilianza kwa kushindwa vitani. Mnamo 1819 hivi, Shaka wa Wazulu aliwapiga Wandwandwe wa Mfalme Zwide katika nchi ambayo leo ni KwaZulu-Natal, na majemadari wa Zwide wakatawanyika. Mmoja wao, Zwangendaba wa ukoo wa Jere, alikimbilia kusini mwa Msumbiji, akagombana huko na mkimbizi mwenzake Soshangane, kisha akapita Zimbabwe akiwavuruga Warozvi. Alipokuwa akivuka Zambezi, jua lilipatwa. Wazee wakalihifadhi tukio hilo katika masimulizi, na hesabu za wataalamu wa falaki zikatoa tarehe yake: 20 Novemba 1835. Ni safari chache za watu wasioandika zenye tarehe kamili kiasi hicho.

Msafara wake ulikuwa ukipiga kambi miaka michache, ukila mazao na ng'ombe wa wenyeji, na ardhi ikichoka unang'oka tena. Katika kila kituo uliongezewa watu. Vijana waliotekwa waliingizwa katika vikosi vya rika pamoja na watoto wa wakubwa, wakapewa ngao na mkuki mfupi, wanawake wakaolewa. Tusiyapambe mambo hayo, kwani vijiji vilichomwa na watu wakauawa. Lakini mateka hodari aliweza kupanda cheo, na wanawe wakakua wakijiita Wangoni. Waswazi, Watsonga, Wakaranga, Wansenga na Watumbuka waliingia humo. Zwangendaba alipofia Ufipa mnamo 1848 hivi, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwao, wengi wa wafuasi wake hawakuwa wamewahi kuiona nchi ya Zwide.

Baada ya kifo chake ugomvi wa urithi uliugawa msafara. Mpezeni aliishia upande wa Chipata, Zambia. Mbelwa akashika Mzimba, Malawi. Kundi lililoitwa Watuta likapanda hadi Unyamwezi. Kundi la Zulu Gama lilishuka Songea na kuwakuta Wangoni wengine, Wamaseko, waliofika kwa njia yao. Wakapigana, na Wamaseko wakarudi kusini ng'ambo ya mto Ruvuma.

Nani basi alimmeza mwenzake? Kwa utawala, mgeni alimmeza mwenyeji. Kwa lugha, mambo yaligeuka: Mzimba wanazungumza Kitumbuka, Chipata Kinsenga, na Kingoni cha Songea kiko karibu na Kimatengo kuliko Kizulu. Akina mama ndio waliowafundisha watoto kusema. Hata baadhi ya wenyeji wa Songea waliohesabiwa kuwa Wangoni baadaye walirudia jina lao la Wandendeule.

Songea Mbano mwenyewe, nduna, yaani mkuu wa vita, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa ajili ya Vita vya Maji Maji, ukoo wake unatajwa kuwa na asili ya Wakaranga wa Zimbabwe. Mji unaitwa kwa jina lake, na hakuna anayemhesabu kuwa nusu Mngoni.

Msomaji mwenye wazee Ruvuma asitosheke kuwauliza walitoka wapi. Awaulize pia ukoo wao ulijiunga na msafara kituo gani.