Mgeni wa Nani?

Mwaka 1331, chombo kilichomchukua Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tangier, kilitia nanga Mogadishu. Kabla abiria hawajashuka, mashua ndogo zilitoka pwani zikiwa na vijana, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mfanyabiashara yule hakulala kwingine ila kwa mwenyeji huyo. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka, na mtu akimpunja mgeni bei, au akifanya naye biashara mwenyeji hayupo, biashara hiyo ilihesabiwa si kitu. Ibn Battuta anaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: aliyekwisha kufika mara nyingi na kuwafahamu watu wa mji, huyo alilala apendapo. Uhuru wa kuchagua malazi ulikuwa wa mgeni mzoefu. Wa mara ya kwanza alichaguliwa.

Siku hizi mambo ni kinyume. Asiyewahi kuuona mji ndiye anayekaa nyumbani kwake, Kambarage hapa Shinyanga au Katoro kule Geita, akipekua picha za vitanda kwenye simu na kutoa hukumu. Watu wa ukanda wetu wanaokwenda Unguja kwa mara ya kwanza wanaongezeka: maharusi, walimu wa semina, wafanyabiashara waliouza dhahabu vizuri. Njia imekuwa nyepesi. Basi hadi Dodoma, treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria 2024 hadi Dar es Salaam, kisha boti ya saa mbili hivi, na umefika bandarini Malindi, ubavuni mwa Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Swali linabaki la kulala. Na wengi wetu hulijibu kwa kipimo tulichokulia nacho, yaani kipimo cha gesti.

Kipimo hicho kina akili yake, tusikidharau. Miji ya madini haikujengwa kwa ajili ya kutazamwa. Mgodi wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata, vyumba vya kulala wageni vilichipuka kuanzia Kahama hadi Geita, na kila palipotokea habari ya dhahabu mpya, hata kijiji kisicho na bomba la maji kilipata gesti kabla ya zahanati. Mgeni wa huko ni mtu mwenye fedha taslimu mfukoni au mzigo asiotaka ujulikane. Kwa hiyo anauliza maswali yake kwa mpangilio: kitasa kinafunga? Dirisha lina nondo? Maji yanatoka? Gari litalala ndani ya geti? Baa iko umbali gani na chumba? Akiridhika analipa kabla ya kulala, anapewa ndala na sabuni kipande, na anaonyeshwa tangazo ukutani kwamba chumba kinakabidhiwa saa nne asubuhi.

Kisha kuna kitabu cha wageni. Kila aliyelala gesti Tanzania anakijua: daftari kubwa lililochorwa mistari kwa rula, jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Ni kumbukumbu nzuri kwa polisi. Lakini ukikisoma ukiwa na Mogadishu kichwani unaona pengo. Kitabu kinataka kujua wewe ni nani, hakina safu ya kuandika ni nani anayekujibia. Ukipotea, ukiugua, ukiibiwa, daftari litathibitisha tu kwamba ulikuwepo.

Hatukuwa hivyo tangu zamani. Richard Burton na John Speke walipopita Unyamwezi mwaka 1857 na 1858, walikuta vijijini nyumba iliyoitwa iwanza. Palikuwa na ya wanaume na ya wanawake, na ile ya wanaume ndiko vijana walikoshinda wakizungumza, kuvuta tumbaku na kutengeneza silaha zao, na ndiko mgeni wa kiume alikofikia. Hakupewa chumba. Alipewa kikao. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kimemwona, kimesikia anatoka wapi na anafuata nini, na mtu yeyote aliyetaka kumdhulumu angefanya hivyo mbele ya mashahidi hao.

Walipokwenda wao pwani, mababu zetu Wasukuma na Wanyamwezi, wakibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, walikuwa na ujanja mwingine. Mjini walipiga kambi zao wenyewe wakingoja mzigo wa kurudi nao. Njiani walitegemea utani. Utani wetu na Wazaramo na makabila mengine ya njia ile umefungamana na misafara, na leo tumeubakiza kwenye misiba na vijembe vya redioni, lakini ulikuwa mkataba mzito. Mtani aliyekwama alikuwa na haki ya kuingia, kula bila kuomba, na akifia ugenini kuzikwa kwa heshima. Matusi ya mzaha yalikuwa kama hati ya kusafiria: ukimtukana mwenyeji naye akacheka, umetambuliwa. Sijui hoteli yoyote yenye nyota tano inayotoa huduma ya namna hiyo.

Mapokeo haya yote yaliweka mpaka pia. Hadithi ya Mtume inayosimuliwa na Bukhari na Muslim inaufanya ukarimu kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Methali yetu ni kali zaidi: siku mbili, ya tatu jembe. Nimewahi kusikia mabishano kama Waswahili waliipunguza siku moja kwa uchoyo. Mimi naona ni hesabu ya wakulima. Mfanyabiashara wa jahazi anangoja upepo na hana la kufanya. Mgeni wa shambani akifika wakati wa palizi, kila siku anayokaa bure inaonekana kwenye ghala.

Nyumba ya mawe ya pwani, kwa upande wake, iliujenga mpaka huo ukutani. Katika nyumba za kale za Lamu mgeni alipokelewa barazani na kwenye daka. Akilala, alilazwa sabule, chumba kilichopangwa ili aingie na kutoka bila kukanyaga ndani. Na ndani, penye zidaka zilizonakshiwa kwa chokaa, palikuwa pa wenyewe, pa wanawake hasa. Majumba ya Kiomani ya Unguja yalipanga ngazi na ua kwa mantiki inayofanana: kadiri unavyopanda juu, ndivyo unavyoingia faragha ya watu.

Tazama sasa kilichotokea. Hoteli za Mji Mkongwe zinauza kile hasa ambacho mgeni alikatazwa. Chumba cha juu ndicho ghali. Paa, ambako mke wa tajiri alipunga upepo asionwe, leo lina meza za chakula cha jioni na kila mtu anapiga picha. Jumba la Hurumzi lililokuwa la Tharia Topan, mfanyabiashara Mwismailia aliyekuwa mkubwa wa forodha, ni hoteli. Africa House, iliyokuwa klabu ya Waingereza, ni hoteli, na huko Mwafrika wa enzi hizo aliingia kwa mlango wa watumishi. Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 lililowahi kuwa ubalozi wa Uingereza, lilifunguliwa kama hoteli ya kimataifa mwaka 2015 baada ya mvutano na UNESCO kuhusu jengo jipya lililoongezwa ubavuni mwake. Sisemi ni vibaya. Nyumba isiyokaliwa huanguka, na sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020 na kuua watu, kila mtu aliona bei ya kuacha jengo bila matunzo. Lakini mgeni anayelipa apewe ndani ajue kwamba amepewa mahali bila kupewa watu wake.

Kyoto huko Japani wanalishika jambo hili kwa ukali ambao mimi, Msukuma, siuwezi. Katika mtaa wa Gion zipo nyumba za chai za kale ambazo hazimpokei mtu wa mara ya kwanza hata awe na fedha kiasi gani. Lazima mteja wa zamani amtambulishe, na mteja huyo anabaki mdhamini: mgeni akivunja adabu au akikwepa bili, aibu na deni vinamrudia aliyemleta. Mogadishu ilimkimbilia mgeni mpya baharini, Kyoto inamfungia mlango, na bado zote mbili zinakubaliana kwamba mtu asiyejulikana hapaswi kuingia mjini bila mtu wa kumjibia.

Mtetezi wa sasa atasema udhamini umehamia kwenye maoni ya wateja: watu mia tatu wamelala pale na wamesifu. Mia tatu hao wanajibia nini? Hakuna hata mmoja utakayempigia simu saa nane usiku. Na wengi wao ni watu wa Ulaya walioandika kuhusu kifungua kinywa na upole wa wahudumu. Hawakuandika kama ngazi zitamshinda mama yako mwenye miguu mibovu.

Kwa hali hiyo, yule anayefanana zaidi na vijana wa Mogadishu ni papasi. Ukishuka botini atakuwahi kabla hujainua begi, atakuita ndugu, atakwambia hoteli uliyopanga imejaa na anajua nyingine nzuri. Naye ana kamisheni, kama mwenyeji wa 1331 alivyokuwa na faida yake. Tofauti ni kwamba yule wa kale alikuwa na nyumba inayojulikana na mji uliomshika shati. Papasi akishakuingiza mlangoni, kazi yake imekwisha.

Wala sitaki turudi nyuma bila kuchagua. Mfumo wa mwenyeji ulimfunga mgeni: alinunua kwa bei iliyopita mkononi mwa mtu mmoja, alikula alichopewa, aliondoka akiujua mji kwa macho ya nyumba moja. Tena ulikuwa mfumo wa wanaume. Mama mfanyabiashara wa Geita anayepanda boti peke yake leo kwenda kuangalia vitenge Darajani, ni mapokeo gani kati ya haya yangempa usingizi bila maswali? Kwake chumba chenye funguo na risiti, ambamo hakuna anayeuliza yuko na nani, ni ukombozi. Hapo gesti, pamoja na daftari lake, inawashinda wote.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeuliza mtaani ni huu. Mara ya kwanza lala ndani ya Mji Mkongwe, katika nyumba ndogo ambayo mwenye nyumba au msimamizi wake anakaa humo humo au mtaa huo huo, na uache hoteli kubwa za ufukweni. Piga simu badala ya kubonyeza. Uliza bei ya Mtanzania, maana mara nyingi ipo na haitajwi. Uliza nani atakuja kukupokea, kwa jina, kwa sababu gari halifiki kwenye vichochoro vingi na utatembea na mzigo. Uliza ngazi ni ngapi, na paa lilikarabatiwa lini; mvua za masika na kuta za chokaa hazielewani. Ukiingia ukakuta chumba ni kirefu na chembamba usidhani umepunjwa: upana wake ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko, karibu mita tatu, na tajiri na maskini walibanwa na mti ule ule. Adhana ya alfajiri utaisikia, hata dirisha likifungwa. Ukishuka asubuhi, watu wa barazani wakikuuliza umefikia kwa nani, usiwatajie hoteli. Watajie jina la yule aliyekupokea, uone kama wanamjua. Wasipomjua, bado una muda wa kuhama kabla ya saa nne.