NJIA YA KWENDA KAZINI: HABARI ZA MABASI NA MAGARI YA MOSHI YA DAR ES SALAAM

Juma lililopita tulisema habari za bandari. Leo tutoke bandarini twende zetu nyumbani. Aliyefanya kazi mchana kutwa hana budi kurudi kwake jioni, na habari ya kurudi kwake ni kubwa katika historia ya Dar es Salaam kuliko watu wengi wadhanivyo.

Chukua kalamu. Chora duara dogo kando ya bahari, na ndani yake uandike Bandari, Posta, Stesheni, Kariakoo. Sasa toa mistari minne katika duara hilo. Wa kwanza waelekea kaskazini, nao ni njia ya Bagamoyo. Wa pili waelekea magharibi, njia ya Morogoro. Wa tatu ni njia ya Pugu, ambayo leo huitwa Barabara ya Nyerere. Wa nne washuka kusini, njia ya Kilwa. Mitaa ya Kinondoni imo kati ya mstari wa kwanza na wa pili. Mitaa ya Temeke imo kati ya wa tatu na wa nne. Mji umekua sana, lakini mifupa yake ni hiyo minne hata leo. Tazama picha yako: kila mtu atokaye pembeni analazimika kuja mpaka katika duara lile lile dogo. Weka karatasi hiyo karibu, tutaitumia tena.

Je, kwa nini watu wakae mbali na kazi zao? Jibu la kwanza limo katika amri za watawala. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji kwa rangi za watu. Palikuwa na Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini, na uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja uliachwa kati ya Uhindini na Kariakoo. Wakati huo mji ulikuwa mdogo, na mtu wa Kariakoo aliweza kwenda bandarini kwa miguu na kurudi. Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yakageuka. Hesabu ya mwaka 1948 ilionyesha watu 69,227. Ile ya mwaka 1957 ilionyesha 128,742. Kariakoo na Ilala hazikutosha tena, na Serikali ya kikoloni ikapima viwanja na kujenga nyumba za kota mbali zaidi: Temeke kwa upande mmoja, Magomeni na Kinondoni kwa upande wa pili. Nyumba zikatangulia, lakini kazi hazikuhama. Zilibaki bandarini, relini, katika maghala, na katika majumba ya Oyster Bay ambako wapishi na madobi walitakiwa kufika kabla bwana hajaamka.

Basi kukawa na haja ya usafiri. Mwaka 1949 kampuni moja ya Kiingereza, Dar es Salaam Motor Transport, au DMT kama kila mtu alivyoiita, ilianza kuendesha mabasi mjini kwa haki iliyopewa peke yake. Wazee waliokuwa vijana wakati huo walilijua jina hilo vizuri. Lakini usifikiri kwamba kila mfanyakazi alipanda basi. Nauli ya kwenda na kurudi, siku ishirini na sita za mwezi, ilikuwa mzigo kwa kibarua, na watu wengi mno walikwenda kwa baiskeli au kwa miguu, alfajiri kwenda, magharibi kurudi.

Na reli je? Huenda umekwisha kuuliza, maana Dar es Salaam ilikuwa na reli tangu mwaka 1905, Wajerumani walipoanza kujenga ile ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo yapita Pugu, tena karibu kabisa na mahali wakaapo watu. Lakini haikutandikwa kwa ajili ya mtu wa kwenda kazini. Ilitandikwa kuleta mali ya bara bandarini. Kwa zaidi ya miaka mia treni zilipita karibu na milango ya watu waliokuwa wakingoja basi. Tutairudia reli baadaye.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, njia kuu za uchumi zilitiwa mikononi mwa umma, na mwaka 1970 zamu ya DMT ikafika. Mwaka 1974 ikagawanywa mara mbili. Mabasi ya mikoani yalipewa KAMATA, ya mjini yalipewa shirika jipya, Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. KAMATA imekwisha kufa siku nyingi, lakini jina lake limebaki pale Gerezani, na vijana wanaoshuka hapo hawajui kwamba wanataja jina la kampuni ya mabasi.

UDA ilipewa kazi ngumu kweli kweli. Iliambiwa iwachukue watu wote, nauli ibaki ndogo ili mnyonge aweze kulipa, na pengo lizibwe namna itakavyowezekana. Wakati huo huo mji ulikuwa ukijaa, na hesabu ya mwaka 1978 ilipata watu 843,090. Mabasi yalitoka ng'ambo, yakiwamo yale marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye kiungo katikati. Vipuri navyo vilitoka ng'ambo, na vilitaka fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, tena ikapanda mwaka 1979, na katikati yake ikaja vita ya Kagera. Basi lililoharibika kitu kidogo lilisimama karakana likingoja kipuri, na likisimama sana, likaanza kutolewa vyuma vyake kuyaponya mengine. Abiria wa Temeke hakuyaona hayo. Yeye aliona kituo kilichojaa watu na barabara tupu. Wapo wasemao kwamba UDA ilikufa kwa uvivu tu. Mimi sikubali. Uzembe ulikuwapo, lakini hata shirika la malaika lisingaliendesha mabasi bila vipuri kwa nauli isiyotosha kununua dizeli.

Pengo likipatikana, huzibwa. Watu wenye magari wakaanza kuchukua abiria bila ruhusa. Yalikuwapo magari ya mizigo yaliyotiwa mabenchi, abiria wakikaa wakitazamana kama watu walio mkahawani, na ndiyo maana yakaitwa chai maharage. Polisi waliyakamata, nayo yakarudi. Utingo aliita nauli yake kwa sauti, "Dala! Dala!", maana sarafu ya shilingi tano mjini iliitwa dala, kwa mfano wa dola ya Marekani. Jina likashika. Jirani zetu wa Nairobi nao walipata jina la matatu kwa njia hiyo hiyo, kutokana na mapeni matatu, yaani senti thelathini, na kule Rais Kenyatta aliyaruhusu mwaka 1973. Kwetu ruhusa ilikuja mwaka 1983, magari ya watu binafsi yakiendeshwa kwa kibali kupitia UDA yenyewe. Tangu hapo daladala ndizo zilizoubeba mji.

Sasa tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye jambo la kufahamu. Watu husema konda hana adabu, dereva ana haraka, gari limejaa kupita kiasi. Maneno hayo ni kweli, ila ni lazima tuulize sababu. Gari si la dereva. Mwenye gari humpa asubuhi, na jioni hutaka fedha maalum, iitwayo hesabu. Hesabu haibadiliki, mvua inyeshe au jua liwake. Tuseme hesabu ni shilingi 100,000, na mafuta ya siku ni shilingi 80,000. Ikiwa nauli zote za siku ni 200,000, wabakiwa na 20,000, nazo wanagawana dereva na konda, baada ya kumpa kitu mpiga debe wa kituoni. Nauli zikiwa 175,000, wamefanya kazi tangu saa kumi na moja alfajiri na wana deni. Wengi wao hawana barua ya kazi, na wengine ni deiwaka, mtu wa kushika usukani au mlango siku moja mwenziwe apumzike.

Tia hesabu hiyo kichwani, kisha umtazame mtoto wa shule kituoni Mbagala. Serikali imesema alipe nauli ndogo kuliko mtu mzima, na ni vema. Lakini tofauti ile hakuna amrudishiaye konda. Inatoka katika 20,000 yake. Ndiyo sababu mlango hufungwa mtoto akikaribia, naye hufika darasani saa tatu. Na ndiyo sababu gari lililoandikwa Tandika hukatishwa njiani, watu wakashushwa, ligeuze kwenye abiria wengi. Na ndiyo sababu watu wa mwisho wa njia wamejifunza "kugeuza nalo", yaani kupanda gari liendalo kusikofaa, wakalipa nauli mbili, ili litakapogeuka wawe wamekwisha kupata kiti. Mtu wa mshahara mdogo, akaaye mbali zaidi, ndiye alipaye mara mbili. Mamlaka za usafiri, SUMATRA na baada yake LATRA tangu mwaka 2019, ziliweka nauli na njia, na magari yalipakwa mistari ya rangi kuonyesha yaendako. Lakini rangi ya ubavuni haikuigusa hesabu ya jioni.

Turudi relini. Kufikia mwaka 2012 mji ulikuwa na watu 4,364,541, na barabara nne za picha yako zilikuwa zimeziba. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, treni za abiria wa mjini zilianza. Kampuni ya Reli ilitoa treni kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na TAZARA ikatoa yake kwenda Mwakanga. Watu wakaziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Dakta Harrison Mwakyembe. Wiki mbili baadaye, Novemba 2012, Nairobi nayo ikafungua stesheni ya Syokimau kwa kazi ya namna hiyo hiyo.

Lakini chora reli katika picha yako, uone taabu yake. Reli ya Kati ina upana wa milimeta 1,000 kati ya chuma na chuma. Ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, ina milimeta 1,067. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Stesheni zao hazikukaa pamoja, na abiria wa TAZARA akishuka katika stesheni ile kubwa bado hajafika Posta. Kisha mwaka 2024 ikaanza kazi treni ya umeme ya kwenda Morogoro, yenye stesheni Pugu, na reli yake ni milimeta 1,435. Mji mmoja, reli za aina tatu! Tazama tena: njia zake kuu zote huelekea upande wa Pugu. Njia ya Bagamoyo, yenye Mwenge na Tegeta, haina treni ya abiria hata moja, na Mbagala vile vile. Treni ilimsaidia mtu wa Buguruni na Tabata. Wa Mwananyamala aliisikia redioni.

Wazee wa mji walitafuta na njia nyingine. Huko Curitiba, Brazili, tangu mwaka 1974, na Bogotá, Kolombia, tangu mwaka 2000, mabasi yalipewa njia yake peke yake katikati ya barabara, abiria akalipa kabla ya kupanda. Dar es Salaam ikaliiga jambo hilo. Wakala wake, DART, uliundwa mwaka 2007, na mabasi yenyewe, ambayo watu waliyaita mwendokasi, yalianza Mei 2016: kilometa 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Safari ya saa mbili ikawa chini ya saa moja, nalo si jambo dogo kwa mama aliyekuwa akiwaacha watoto wamelala na kuwakuta wamelala.

Karakana yake, hata hivyo, iliwekwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, bonde lile lile lililofurika Desemba 2011 likaua watu na kuwahamisha wengine hadi Mabwepande. Mzee yeyote wa Magomeni angaliwaambia wahandisi maji hupita wapi. Mvua kubwa zilipokuja, mabasi yaliloa, barabara ikafungwa, na Kimara ikarudi kutembea.

Ama Temeke, zamu yake ilichelewa. Ujenzi wa njia ya Kilwa hadi Mbagala, kilometa 20.3, ulianza mwaka 2019. Lami nyeupe ilikamilika, vituo vikasimama, lakini mabasi hayakuwapo, na watu wa Rangi Tatu walisukumana katika daladala kando ya njia tupu. Mabasi yalianza kupita huko mwaka 2025, miaka tisa baada ya Kimara.

Kazi ya kundi lenu kabla ya juma lijalo ni hii. Katika ile picha ya barabara nne, kila mmoja atie alama nyumbani kwake na kazini kwake, aandike saa atokayo na saa afikayo, na nauli zote anazolipa kwa siku. Kisha gawanyeni nauli hiyo kwa mapato ya siku. Mkiwa na mzee aliyepanda DMT, mwulizeni alilipa nini na alifika saa ngapi, mwandike majibu yake kando ya yenu.