Nani Mwenye Neno "Jenga"?

Ukimwambia fundi wa Mbagala "jenga", atakuuliza saruji na tofali viko wapi. Mwambie mtoto wa Toronto au Manchester neno hilohilo, ataenda kabatini kuchukua boksi lenye vibao 54. Atapanga mnara wa ghorofa 18, vibao vitatu kila ghorofa, halafu ataanza kuchomoa kimoja kimoja kutoka chini na kukiweka juu, mpaka mnara uanguke. Huenda mtoto huyo hajui kabisa kwamba jenga ni Kiswahili. Anachojua ni kwamba ni jina la mchezo, na jina hilo lina mwenyewe: ni alama ya biashara iliyosajiliwa.

Kila habari hii inapozuka mitandaoni, watu wetu huwaka. "Wametuibia tena!" Mimi ni mwandishi wa habari, hasira hiyo nimeiona mara nyingi na naielewa. Ila historia ya mchezo huu haienei vizuri ndani ya neno wizi. Hebu tuipitie polepole.

Leslie Scott alizaliwa Tanganyika mwaka 1955 katika familia ya Kiingereza, akakulia katika nchi kadhaa za Afrika, Mashariki na Magharibi. Kiswahili alikizungumza tangu utotoni. Miaka ya 1970 familia yake ilikuwa Ghana, na huko ndiko mchezo ulikozaliwa: vibao vya kuchezea vya mtoto, vilivyokatwa kwenye kiwanda cha mbao cha Takoradi, vikageuka mchezo wa familia nzima. Hakuna aliyekaa chini kubuni bidhaa. Baadaye seti moja ilisafiri naye hadi Uingereza, marafiki zake wa Oxford wakaupenda, naye akawaza: kama hawa wanaupenda hivi, labda wapo watakaoulipia.

Seti za kwanza za kuuza zilitengenezwa Botton, Yorkshire, katika kijiji cha Camphill ambako watu wenye ulemavu wa akili huishi na kufanya kazi pamoja na wenzao. Yaani jina la Kiswahili, asili ya Ghana, mikono ya Yorkshire. Januari 1983 Scott aliupeleka mzigo wake kwenye maonesho ya vitu vya kuchezea jijini London.

Kuutangaza ilikuwa kazi kwelikweli. Mchezo huu ukiukalisha mezani bila mchezaji ni rundo la mbao tu. Hauna picha ya kuvutia, hauna kete za rangi, hauna hadithi. Utamu wake uko pale mkono unapotetemeka na watu wanashika pumzi, na hilo huwezi kulichapisha juu ya boksi. Mauzo yakasuasua, madeni yakamlemea.

Sasa hapa ndipo sheria inapoingia, na naomba uvumilivu kidogo maana bila hii hutaelewa kwa nini jina lilipiganiwa. Hakimiliki hulinda maandishi na michoro: maelezo ya kucheza kama yalivyoandikwa, sura ya boksi. Haiulindi mchezo wenyewe. Kanuni ya "chomoa chini, weka juu" ni wazo, na wazo halina hakimiliki. Hataza hulinda uvumbuzi, lakini hudumu kwa miaka maalumu halafu inakwisha. Alama ya biashara ndiyo tofauti: ukiitumia na kuihuisha, inaweza kuishi milele. Kwa mtu mwenye vibao vya mbao ambavyo seremala yeyote anaweza kuvikata, jina ndilo kiwanja, na ndilo hati ya kiwanja.

Tena sio kila jina linafaa. Ukiuza maji ya chupa ukayaita "Maji Safi", wasajili watakutazama kwa jicho la shaka, maana kila muuza maji anayahitaji maneno hayo. Jina lenye nguvu ni lile ambalo kwa mnunuzi halielezi bidhaa. Scott amewahi kueleza kwamba hilo ndilo alilolitaka: neno ambalo wateja wake hawalijui, ili mchezo uje kulipa maana. Watu waliotaka kuupeleka Amerika Kaskazini walipotaka jina libadilishwe, alikataa.

Basi jina likabaki, mengine yakaenda. Katikati ya miaka ya 1980 haki zilihamia kwa kampuni ya Pokonobe Associates ya California, Scott akabaki na mrabaha. Pokonobe nayo ikatoa leseni: Irwin Toy ya Kanada mwaka 1986, kisha Hasbro ya Marekani, kampuni yenye mtandao wa maduka na fedha za matangazo ambazo Scott hakuwa nazo. Kumbe kampuni iliyoueneza mchezo duniani ni mpangaji tu. Mwenye nyumba ni yule mwenye jina.

Linganisha na kisa kingine. Miaka ya 1950 Mmarekani William Julius Champion alichukua jamii ya michezo ambayo bao letu ni mwanafamilia wake, akatunga toleo lake lenye safu mbili, akaupa jina la Kalah na kuuza mabao yake kwa hataza. Yeye alichukua mchezo wa watu akaubadilisha jina. Scott aliuza mchezo wa kwao nyumbani akaupa neno la watu. Ukiniuliza kipi kinaniuma zaidi, nitasema cha Champion, ijapokuwa hakuna anayekipigia kelele. Bao lenye mashimo 32 na kete 64, lenye kunamua na mtaji, halina hati ya mtu yeyote, na wachezaji wa barazani hawajawahi kuiomba.

Kuhusu neno, tuwe wakweli. Alama ya biashara hailichukui neno kutoka vinywani. Inamzuia mtu mwingine kuuza bidhaa ya aina ile kwa jina lile, katika nchi iliposajiliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa "Hakuna Matata", ambayo Disney iliisajili Marekani kwa ajili ya nguo mwaka 2003 na kuzua ghasia mtandaoni mwaka 2018. Hakuna askari atakayemkamata fundi wa Mbagala.

Kinachonichoma ni kingine. Neno jenga liliuzika kwa sababu wanunuzi hawakutujua. Utupu wake masikioni mwao ndio ulioupa thamani usajili. Wakati huohuo, vijana wanaotengeneza karata na michezo ya mezani hapa kwetu, wakichonga, wakikata maboksi kwa mkasi, wengi hukimbilia jina la Kiingereza ili bidhaa ionekane ya kimataifa. Jina hilo huwa linaeleza bidhaa moja kwa moja, kwa hiyo ni dhaifu kisheria, na mara nyingi halijafikishwa hata BRELA. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni huu: tunatunza vibao, jina tunaliacha nje usiku.

Scott mwenyewe hakusubiri dunia ijifunze Kiswahili ndipo alitumie neno lake. Aliliweka mezani, akaandika jina lake kwenye karatasi zinazotakiwa, akalikatalia kubadilishwa hata alipokuwa na deni. Sisi tunayo kamusi nzima ya maneno ambayo dunia haijayasikia. Kabla hujachapa boksi lako la kwanza, chagua moja, kisha pitia ofisi ya usajili.