Mtoto wa Hapa

Ijumaa ile baridi ya Mafinga ilikuwa kali, na malori ya mbao yalikuwa yakinguruma kwenye barabara kuu iendayo Zambia. Mdogo wangu alipanda mimbari kwa mara ya kwanza, baada ya miaka minne ya kusoma dini Tanga. Tulipotoka, mzee mmoja aliniuliza, "Huyu si yule aliyekuwa akituuzia maandazi?"

Hakusema kwa ubaya. Kwake yeye, sheikh ni mtu anayepanda kutoka pwani, mwenye nasaba ndefu.

Mimi ni mwanafunzi wa historia, na swali lile lilinipeleka Bagamoyo. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, hakuzaliwa pwani. Alitoka Manyema, mashariki mwa Kongo, akafikishwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akafungua madrasa, akawa khalifa wa Kadiria. Mwaka 1916 Waingereza walimfanya liwali. Alipofariki mwaka 1931, mtoto wa bara alikuwa ameshakuwa mwalimu wa pwani.

Hata tunayoyaita mapokeo yana siku yake ya kuzaliwa. Mwishoni mwa karne ya 19, Habib Saleh, mgeni kutoka Ngazija, alianza kuwasomesha watumwa na maskini wa Lamu. Maulidi yake ya matari yaliwaudhi waungwana, waliouliza ngoma na msikiti vinahusiana nini. Leo maulidi ya Lamu hukusanya wageni kutoka kila upande, na wanaoyatetea huyatetea kama urithi wa wazee.

Hapa nyanda za juu nako kuna kumbukumbu yake. Mwaka 1968 Sheikh Hassan bin Ameir, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha bara kwa miaka mingi, alirudishwa Visiwani kwa amri ya Serikali. Desemba mwaka huohuo, mkutano uliofanyika Iringa mjini ulizaa BAKWATA, na jumuiya ya EAMWS, iliyoanzishwa mwaka 1945, ikapigwa marufuku. Mabishano kuhusu mwaka ule hayajaisha. Ninalojifunza mimi ni dogo: baraza huweza kuundwa kwa siku chache, lakini mwanachuoni huchukua miaka, na akiondoka huacha pengo lisilozibwa kwa katiba.

Ndiyo maana namtazama mdogo wangu kwa hofu. Hotuba yake aliitoa kwa Kiswahili, akazungumzia mikopo ya riba na ujira wa vibarua wa msituni. Vijana wakamtaka afute maulidi. Wazee wakamtaka aape kwamba hatayagusa. Aliwajibu wote, "Swala ina nguzo zake, hizo hazina mjadala. Mengine tukae tuyasome pamoja." Sasa kila Alhamisi, baada ya Isha, wanakaa. Wengine huja na vitabu vilivyochakaa, wengine na simu.

Tatizo ni Jumamosi hadi Alhamisi mchana. Sheikh mgeni akija, tunamchangia nauli, malazi na bahasha. Mwenyeji tunampa shukrani. Mdogo wangu anashinda kiwandani akipanga mbao, na mwaka huu amepata barua ya kuitwa kufundisha Dar es Salaam.

Bado hajaijibu. Nasi bado hatujamwambia abaki.