Habari za Simu na Mtandao katika Nchi ya Kenya

Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ililaza waya wa simu za maandishi chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka Unguja waya ukaendelea kusini mpaka Msumbiji na Durban. Mombasa haikupata sehemu katika neema hiyo ila mwaka 1890, ulipovutwa waya mwingine kutoka Unguja. Reli ilipoanza kujengwa kwenda bara mwaka 1896, nguzo za simu zilikwenda nayo bega kwa bega. Tangu mwanzo, basi, waya ulifuata serikali na biashara kubwa. Mkulima wa Murang'a na mvuvi wa Lamu waliuona ukipita juu ya vichwa vyao, lakini haukuwa na neno la kuwaambia. Na tangu mwanzo vilevile, aliyeushika waya aliushika mlango: habari haikuingia wala haikutoka ila kwa idhini yake na kwa bei yake.

Mlango huo ulibadilisha wenyewe mara nyingi bila ya kuongezeka. Mwaka 1933 posta na simu za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda. Baada ya uhuru, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ililipa shirika la posta na simu makao yake makuu Kampala. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa, na sauti za Nairobi zikaanza kupita angani. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua fungu lake, na Kenya ikaunda Shirika la Posta na Simu la Kenya.

Shirika hilo lilikuwa muuzaji wa simu, na papo hapo lilikuwa mtoaji wa vibali na mwamuzi wa mashauri yote yahusuyo simu. Si haki kuwatupia lawama mafundi wake, ambao wengi wao walikuwa hodari. Mtu aliyepewa soko zima peke yake hana sababu ya kukimbia. Aliyeomba simu alingoja, na aliyekwisha kuipata aliionea fahari kama gari. Ilipohesabiwa idadi ya watu mwaka 1999, Kenya ilikuwa na watu zaidi ya milioni 28, lakini simu za waya zilikuwa karibu 300,000 tu, na nyingi katika hizo zilikuwa mijini. Kwa watu wengi wa mashambani simu ilikuwa jambo la safari: kwenda sokoni penye kibanda cha simu, kupanga foleni na sarafu mkononi, na kuomba Mungu kibanda kisiwe kimeharibika.

Simu ya mkononi iliingia mwaka 1993, nayo haikuwa tumaini la wengi. Kuipata kuliweza kumgharimu mtu hata shilingi 250,000, na kwa miaka kadhaa ilibaki pambo la matajiri na wakubwa. Kampuni ya Safaricom, iliyoandikishwa mwaka 1997, ilikuwa mtoto wa shirika lile lile la serikali. Mageuzi ya kweli yaliletwa na sheria ya mwaka 1998, ambayo kwayo shirika liligawanywa mwaka uliofuata kuwa vyombo vitatu: Posta, Telkom Kenya na Tume ya Mawasiliano. Kwa mara ya kwanza muuzaji na mwamuzi waliketi katika nyumba mbili. Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ilipewa fungu la asilimia 40 katika Safaricom, na kampuni ya pili, KenCell, ikafungua milango.

Wachunguzi wengi husifu mitambo mipya kwa yale yaliyofuata. Mitambo ilikuwa na sehemu yake, lakini mambo mawili madogo ya hesabu yalifanya kazi kubwa zaidi. La kwanza ni kadi ya kukwangua: mnunuzi alilipa kabla ya kusema, hakutakiwa dhamana wala anwani wala ankara ya mwisho wa mwezi, na hivyo mwuza mboga akawa mteja sawasawa na mwanasheria. La pili ni namna ya kupima wakati. KenCell ilianza kwa kuhesabu dakika nzima hata kama mtu amesema maneno matatu. Safaricom ilihesabu sekunde. Aliyekuwa na shilingi chache alijua mara moja ni nani aliyezifikiria shilingi hizo. Wakenya wakavumbua na njia yao wenyewe, ya kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea, ili yeye mwenye uwezo apige. Kubipu hakukuingiza hata senti moja, walakini kulikuwa lugha kamili yenye adabu zake: mdogo humbipu mkubwa, mwenye shida humbipu mwenye nafasi, na mchumba wa kiume abipuye kila siku hujiharibia jina.

Wakati simu ikienea hivyo, mtandao wa kompyuta ulikuwa katika vita vyake, na kisa cha mwaka 2000 chastahili kukumbukwa kuliko kinavyokumbukwa. Kampuni za kuuza huduma za mtandao zilikwisha kuanza Nairobi katikati ya miaka ya 1990, lakini sheria iliiachia Telkom haki ya peke yake ya kupitisha mawasiliano yote ya kwenda na kutoka nchi za nje. Kila kampuni ilinunua njia yake ya nje kwa Telkom, na haikuwa na njia ya kufikia kampuni jirani. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Barua iliyoandikwa katika ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya ng'ambo ya barabara, ikiwa majirani hao walikuwa wateja wa kampuni mbili mbalimbali, ilipaa kwenye setilaiti, ikashukia Ulaya au Marekani, ikageuka na kurudi kwa safari ile ile ndefu. Gharama ililipwa kwenda na kurudi, tena kwa fedha za kigeni. Ni kama mtu wa Pangani anayelazimishwa kupita London ili aende Kariokor.

Kampuni hizo zilishauriana zikaanzisha kituo cha kubadilishana habari ndani ya nchi. Kituo chenyewe kilikuwa kitu kidogo: chumba, umeme, na mtambo ambao kila kampuni ililetea waya wake. Kilifunguliwa mwishoni mwa Novemba 2000. Mara Telkom ilipeleka mashtaka kwa Tume kwamba kituo hicho kinaingilia haki yake juu ya mawasiliano ya nje, na kabla mwaka haujaisha Tume iliamuru kifungwe kwa kukosa kibali. Hoja ile yastaajabisha kila isomwapo. Kituo kilijengwa mahsusi ili habari za ndani zisitoke nje. Aliyekishtaki alikuwa mwenye njia ya nje, na kosa lilikuwa kwamba watu wamekataa kusafiri. Kwa hakika haki iliyotetewa haikuwa ya kupitisha habari kwenda nje, bali ya kutoza ushuru juu ya safari isiyohitajiwa.

Mabishano yaliendelea karibu mwaka mzima, mbele ya mahakama ya rufani ya mawasiliano na katika magazeti. Novemba 2001 kibali kilitolewa, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Safari iliyochukua zaidi ya sekunde moja ikawa ya chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa msomaji asiye fundi tofauti hiyo yaweza kuonekana hafifu. Lakini benki, gazeti au chuo kikuu hakiwezi kujenga kazi yake juu ya njia inayosita kwa kila neno. Haki ya Telkom ilikwisha mwaka 2004, na hapakuwa na aliyeililia.

Huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, imeandikwa sana na haina haja ya maelezo marefu hapa. Yatosha kusema kwamba waliyoibuni, maofisa wa Vodafone waliosaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, walikusudia wakopaji wadogo walipie mikopo kwa simu. Katika majaribio watu waliigeuza kwa shughuli nyingine: walitumiana fedha wao kwa wao, mji kwa shamba, mume kwa mke, mtoto kwa mzazi. Kampuni ilikuwa na busara ya kuwafuata wateja wake. Benki Kuu nayo haikuizuia, ijapokuwa sheria ya wakati huo haikuwa na neno juu ya kitu cha namna hiyo.

Lililobaki lilikuwa bahari. Mpaka mwaka 2009 pwani yote ya Afrika Mashariki haikuwa na mkonga wa nuru, na mtandao ulinunuliwa kwa setilaiti kwa bei ya kutisha. Nchi za eneo hili zilishauriana juu ya mkonga wa pamoja, EASSy, tangu mwaka 2003, lakini zikashindana juu ya nani atakuwa mwenyewe na nani ataruhusiwa kuutumia. Kenya ilichoka kungoja. Kwa juhudi za katibu wa wizara ya habari, Bitange Ndemo, serikali na kampuni za simu zililaza mkonga wao, TEAMS, kutoka Mombasa hadi Fujairah, kwenye pwani ile ile ambayo majahazi yaliijua kwa karne nyingi. Ulifika Mombasa Juni 2009; mkonga wa SEACOM ulianza kazi mwezi uliofuata, na EASSy ukaja mwaka 2010. Udhaifu wa utajiri huo ulionekana Februari 2012, meli ilipotia nanga karibu na Mombasa mahali ilipokatazwa, ikakata TEAMS, na mtandao ukalegea hata katika nchi jirani zisizo na bahari.

Sasa mlango ulikuwa na funguo nyingi, lakini mkono mmoja ulizidi kushika nyingi. Mwaka 2008 serikali iliuza robo ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na zaidi ya watu laki nane waliomba kununua, wengine kwa fedha za kukopa. Kabla mwaka haujatimia bei ilikuwa chini ya ile waliyonunulia. Agosti 2010 Tume ilipunguza kwa nusu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, ada ambayo kampuni hulipana kwa kupokeleana simu, na Zain, iliyokuwa mrithi wa KenCell, ikashusha bei ya dakika hadi shilingi 3. Wananchi walifurahi. Hata hivyo punguzo la pili, lililopangwa kwa mwaka 2011, liliahirishwa. Mawakala wa M-Pesa hawakuwa huru kuwahudumia washindani mpaka mwaka 2014, na kutumiana fedha moja kwa moja kutoka kampuni hadi kampuni kulianza mwaka 2018. Airtel na Telkom zilitangaza mwaka 2019 kwamba zitaungana ili zipate nguvu. Mwaka 2020 zikaacha.

Starlink ya Marekani ilianza kuuza mtandao wa setilaiti nchini Julai 2023, bila ya nguzo wala mkonga. Mwaka uliofuata Safaricom, mtoto wa shirika lile la zamani, iliiandikia mamlaka ya mawasiliano kuomba kwamba kampuni za setilaiti za kigeni zisipewe vibali vya kusimama peke yake, bali zilazimishwe kufanya kazi chini ya kampuni zilizokwisha kuwapo.