AFANDE NAYE NI MTU: USIKU WA MBANDE NA WALIOBAKI HAI

Leo tuwaache mastaa kidogo, twende Mbagala.

Tarehe 23 Agosti 2016, pale Mbande, Temeke, askari walikuwa wanabadilishana lindo kwenye tawi la benki ya CRDB. Wakavamiwa kwa risasi. Wanne wakafa, silaha zikabebwa. Haikuwa mara ya kwanza: Julai 2015 kituo cha Stakishari kule Ukonga kilivamiwa, watu saba wakauawa, wanne wao polisi. Aprili 2017 ikaja Kibiti, askari wanane kwa mpigo.

Hao idadi yao tunaijua. Je, yule aliyekuwa likizo siku hiyo? Aliyebeba miili ya wenzake, halafu kesho yake kapangiwa lindo la benki nyingine?

(Najua kuna mliokasirika na polisi, mmeombwa hela ya chai barabarani. Hilo tutaliongea siku nyingine.)

Mtaani kwetu kulikuwa na afande, jina kapuni. Mtu wa utani, anatununulia mihogo. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Baada ya Mbande akabadilika. Kijiweni anakaa mgongo ukutani, bodaboda ikipunguza mwendo anashtuka. Mkesha wa mwaka mpya madogo wakalipua fataki, jamaa akajirusha kwenye mtaro. Watu walicheka mpaka machozi. Na mimi nilicheka. Baadaye akaanza kunywa, mtaa ukasema afande kawa mlevi tu.

Kumbe ni kiwewe, na kina historia ndefu. Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walidhani mshindo wa mabomu ndio unatikisa ubongo, na wapo wanajeshi waliopigwa risasi na jeshi lao kwa kosa la woga. Mpaka 1980, baada ya Vietnam, ndipo madaktari wa akili Marekani wakauandika rasmi kuwa ni ugonjwa.

Muhimbili idara ya magonjwa ya akili ipo. Ila jiweke wewe: unamwambiaje mkuu wako "afande, silali usiku", wakati yeye ndiye anayeamua kama utashika bunduki na kama utapanda cheo? Wengi wanakomaa kimya kimya.

Jirani yetu alihamishwa mkoa 2019. Alimwachia mama masufuria yake na kiti kimoja cha plastiki. Kile kicheko sikuwahi kumwomba msamaha.