Panya wa Maabara na Tiba za Saratani
Mwaka 1898 daktari wa upasuaji Roswell Park alianzisha mjini Buffalo, kwa dola 10,000 za jimbo la New York, maabara ya utafiti wa saratani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Harvey Gaylord na George Clowes waliona humo panya wakipona uvimbe waliopandikiziwa na kubaki na kinga. Katika miaka ya 1970 Thomas Dougherty, mtafiti wa maabara hiyo, aliangamiza uvimbe wa panya kwa dawa inayoamshwa na mwanga mwekundu. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 1995. Mjini Columbus, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walipima dawa ya ibrutinibu kwa panya waliobadilishwa jeni wakapata aina moja ya saratani ya damu. Iliidhinishwa kwa ugonjwa huo mwaka 2014. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Louisville nao walionyesha mwaka 2008 kwamba kuzuia seli kutumia sukari hupunguza ukuaji wa uvimbe wa panya.